Papa, Safari Hii Imekua Kweli

Papa,

Nimefika nyumbani Lushebere mchana huu, matope ya njia ya Walikale bado yako kwenye suruali. Mama anataka nile kwanza. Nimemwambia angoje kidogo, habari hii ni yako.

Tangu utuache, misimu miwili ya mvua imepita. Mimi Furaha wako, uliyenifundisha hesabu darasani na tena mezani nyumbani, nimepata kazi. Ninazunguka vijijini kuuliza watu wamezalisha nini, ili nchi ijue pato lake linakua kiasi gani mwaka hadi mwaka. Wewe ungeifanya hata bila mshahara. Najua.

Unakumbuka maharagi yalipopanda bei, jirani yetu akaja akijisifu kwamba amekuwa tajiri? Ukamuuliza, "Ulivuna gunia ngapi?" Kumi. "Na mwaka jana?" Kumi. Ukanigeukia: "Furaha, njo uone. Bei imekua, shamba halikukua." Jirani alikasirika, akaacha chai yake mezani. Mimi nikainywa.

Sasa sikia. Kule Walikale, mkubwa wetu wa kazi aliwaita watu kwenye ukumbi wa parokia awaonyeshe matokeo. Akabandika karatasi ukutani, mstari umepanda kama milima yetu ya Masisi. Watu wakapiga makofi. Mimi nikaona kosa: kila mwaka aliuhesabu kwa bei za mwaka uleule. Nilikuwa na miezi michache tu kazini. Nikanyoosha kidole kama mwanafunzi wako, nikasema tutumie bei za mwaka mmoja kwa miaka yote, la sivyo tunapima bei tu.

Alinitazama, akaigeukia karatasi yake ukutani. Kisha akakubali, tukahesabu upya palepale. Mstari ukalala chini. Hakuna aliyepiga makofi tena. Nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo akasimama Mama Sifa, mama mmoja anayekamua mawese. "Dada, na ile tunakula? Mupunga yangu siiuzishake, batoto njo banaikula. Mbona haiko mu karatasi yenu?"

Kweli, mpunga wake asiouuza, unaoliwa na watoto, haukuwamo! Tulikuwa tumeandika vilivyouzwa sokoni peke yake. Mkubwa akavua miwani, akacheka mwenyewe, akasema, "Basi, turudi njiani."

Tukarudi nyumba kwa nyumba, tukauliza vinavyoliwa sasa na vilivyoliwa miaka ile. Watu waliokuwa wamekimbia vita wamerejea, wamefungua mashamba yaliyoota msitu. Tukakusanyika tena ukumbini, tukahesabu kwa bei zilezile. Mstari ukapanda, Papa! Si mlima. Kilima kidogo tu, lakini cha kweli. Mama Sifa akanishika mikono, tukacheza katikati ya ukumbi, mkubwa akitupigia meza kama ngoma. Nikacheka, halafu nikalia, maana... ungekuwepo. Ungekuwepo tu, dakika tano.

Jumatatu naanza Masisi, na nyumba ya kwanza ni yetu. Mama amekwisha kunionya nisisahau kuandika sombe yake, majani ya muhogo anayochuma nyuma ya jiko.

Pumzika vizuri, Papa wangu. Nakuahidi, nitaandika kilichopo, hata ukumbi ukinyamaza. Sasa acha nikale, Mama ameita mara ya tatu.

Binti yako,
Furaha