Rimu Nne za Mzee Okelo

Jumamosi, 12 Januari 2008

Rimu ya tatu. Msasa mkali kwanza, kisha laini. Rangi ya zamani inabanduka kwa magamba, na chini yake kuna kutu nyeupe ya alumini, kama chumvi. Hii iligonga ukingo wa barabara zamani. Ina kovu la urefu wa kidole. Nimelijaza puti. Ikauke hadi kesho.

Siku yangu ya kwanza ya mapumziko tangu uchaguzi. Mikono ilitaka kazi isiyo na maiti.

Rimu ni za Mzee Okelo, jirani yangu, fundi mstaafu wa karakana ya reli. Nilizichukua wiki moja kabla ya Krismasi, nikaahidi kuzirudisha kabla ya mwaka mpya. Tairi zimeng'olewa, ziko stoo kwangu. Kisha kura. Kisha Eldoret, Molo, makambi ya waliofukuzwa makwao. Gari lake jeupe liko uani juu ya mawe manne tangu wakati huo. Leo nilimwomba radhi juu ya ua.

"Kwani naenda wapi mimi, mwandishi?" akasema. "Fanya pole pole."

Jumapili, 13 Januari

Puti imeshika. Nimeisugua hadi kidole kisijue kovu lilikuwa wapi.

Kazi hii nilijifunza nikiandika habari za gereji moja, miaka kumi na miwili iliyopita. Habari haikuchapishwa. Ujuzi ulibaki. Fundi wa pale alikuwa na sheria: toa rimu moja, funga spea, gurudumu la akiba, mahali pake, maliza, rudisha, ndipo utoe nyingine. Gari la mtu lisikose miguu. Mimi nilitoa zote nne. Nilitaka zipate rangi iliyochanganywa siku moja, zifanane.

Jumamosi, 19 Januari

Duka la rangi la Bwana Harish lilikuwa wazi nusu, shata ya mlango imefika kiunoni. Niliinama nikaingia.

"Watu wananunua kufuli tu, mwandishi," akasema. "Rangi ni wewe peke yako."

Praima, rangi ya kwanza ya kijivu, kwenye rimu zote nne, zikining'inia kwenye waya wa nguo. Magazeti ya zamani chini yake. Tone moja la kijivu liliangukia jina langu.

Jumapili, 20 Januari

Nimeamka kabla ya upepo. Upepo wa Nakuru ukianza, vumbi haliulizi. Rimu mbili zimepata rangi ya fedha, mikono mitatu, mmoja juu ya mwingine. Imetoka laini kama maziwa. Kopo likaisha. Mbili nyingine zimebaki kijivu. Nitachukua kopo jingine Ijumaa.

Alhamisi, 24 Januari

Moshi upande wa magharibi tangu mchana. Ofisini hakuna aliyekaa kitini. Nimerudi nyumbani kwa miguu.

Ijumaa, 25 Januari

Mji umewaka. Nimetuma habari mara nne. Sitarudia hapa nilichokiona. Kitatoka kesho, isipokuwa yale ambayo gazeti huyaita "jamii moja" na "jamii nyingine". Hapa naweza kuandika: Okelo ni Mjaluo. Wengi wa mtaa wetu ni Wakikuyu, nami ni mmoja wao. Jina la baba yangu linapita vizuizi vya upande huu. Upande wa pili lisingepita.

Vijana walifika kwake asubuhi, mimi nikiwa kazini. Hawakumgusa mtu. Walimpa hadi Jumapili aende kwao. Alizaliwa kwenye nyumba za reli, mteremko mmoja kutoka hapa.

Malori yanabeba watu hadi uwanjani, wanakolala waliofukuzwa. Mama yake Okelo amepita miaka themanini na alivunjika nyonga mwaka juzi. Hawezi kupanda lori, hawezi kuketi sakafuni. Jumapili asubuhi kutakuwa na msafara wa magari ukisindikizwa na polisi, kupitia Salgaa na Mau Summit hadi Kericho. Wenye magari wajiunge.

Okelo ana gari. Gari halina magurudumu. Magurudumu yako kwangu, rimu kwenye waya, tairi stoo.

Nimeona aibu. Si neno ninaloliandika mara nyingi. Hakunilaumu. Alikuja akasimama chini ya waya, akazitazama zile mbili za fedha. "Zimependeza," akasema. Basi.

Nimepima kila njia. Spea anayo moja. Nimeomba gari la ofisi limbebe mama. Mhariri amekataa, liko moja na halitoki mjini. Gereji za katikati ya mji zimefungwa. Karibu na hapa, anayeweza kupandisha tairi hizi ni Maina, mwenye kibanda kona ya juu. Ndiye aliyezing'oa Desemba. Kizuizi cha vijana kiko mlangoni pake.

Jumamosi, 26 Januari

Mbili za fedha, mbili za kijivu. Rangi haina maana tena. Nilipakia wilbaro: rimu mbili, tairi mbili. Safari mbili.

Kizuizi kimejengwa kwa tairi kuukuu za Maina. Kama alizitoa au zilichukuliwa, sikuuliza. Vijana kumi na mmoja. Sita nawajua kwa majina, na mama zao.

"Mathe wa gazeti! Leo unauza vyuma?" Mathe, yaani mama, ndivyo wanavyoniita.

Nikasema napeleka kwa Maina.

"Ni za nani?"

"Mimi ndiye nimezipaka rangi."

Kila neno kweli. Miaka ishirini na sita ya kuuliza watu maswali imenifundisha hilo: mtu akipewa jibu, mara nyingi hakumbuki kuangalia kama ndilo alilouliza.

"Kumbe mathe ni fundi," mmoja akasema. "Lakini utuandike vizuri! Andika tunalinda mtaa."

"Nitaandika ninachoona."

"Ona vizuri basi!"

Wakacheka. Wakasogeza tairi moja, wilbaro ikapita.

Maina alikuwa ameketi karibu na kompresa. Rungu liliegemea ukuta kando ya mitaimbo. Hakusalimu. Alishika tairi ya kwanza, akaigeuza, akapitisha kidole juu ya kiraka alichokitia mwenyewe. Anajua ni za nani. Mimi najua kwamba anajua. Nilingoja aite wenzake.

Alichukua tyubu kuukuu, akakata vipande, akaviweka kati ya mtaimbo na rimu ili rangi isikwaruzwe. Alifanya hivyo hata kwa zile za kijivu.

Niliporudi na safari ya pili alikuwa ametia kidole gumba kwenye tundu la nati.

"Mathe, umepaka mpaka ndani?"

Nilikuwa nimepaka. Pale nati inapokaa panatakiwa pawe chuma kitupu. Rangi ikisagika, nati hulegea. Nati zikilegea, gurudumu huchomoka. Sheria hiyo naijua. Siku ya kupaka nilikuwa na utepe wa kufunikia matundu mfukoni. Sikuutumia. Rangi ilikuwa inatoka laini, sikutaka kusimama. Kosa la mtu anayejipenda.

Akanipa kisu. Nilikwangua matundu ishirini nikiwa nimechuchumaa, vijana wakiimba mlangoni. Za kijivu zilitoka. Za fedha hazikutoka zote.

Nilipokuwa nashika mikono ya wilbaro kwa mara ya mwisho, Maina alisema bila kuinua uso, kwa sauti isiyofika barabarani:

"Akifika Salgaa asimame, akaze nati. Asipite Salgaa."

Hakutaja jina.

Tulifunga magurudumu kabla ya saa ya kutotoka nje. Okelo alikaza mwenyewe, kwa mpangilio wa nyota, nati moja kisha ya upande wa pili, kama walivyofundishwa karakana. Nikampa ujumbe wa Salgaa, nikamweleza na kosa langu.

"Msafara hausimami, mwandishi."

"Wewe simama."

"Mimi? Na jina langu? Kando ya barabara Salgaa, jeki mkononi?"

"Huhitaji jeki. Spana tu. Dakika tano."

Alifuta spana kwa kitambaa, akaiweka chini ya kiti cha dereva.

Jumapili, 27 Januari

Waliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mama mzee kiti cha mbele, mito miwili chini ya nyonga. Mke wa Okelo nyuma na mjukuu, masufuria, redio, cherehani. Mlango wa nyumba Okelo aliufunga, akajaribu kitasa mara mbili, kama mtu anayekwenda sokoni.

Nilitembea mbele ya gari hadi kizuizini. Vijana wawili tu walikuwa macho. Mmoja aliyatazama magurudumu, mawili ya fedha, mawili ya kijivu. Halafu akanitazama mimi.

"Mathe," akasema.

Akasogeza tairi.

Kibanda cha Maina kilikuwa kimefungwa.

Mchana nikatumwa Naivasha. Nimeandika nilichotumwa kuandika. Simu ya Okelo haipatikani.

Jumatatu, 28 Januari

Haipatikani.

Saa tano dawati la habari ofisini likapokea taarifa: gari limepinduka karibu na Mau Summit. Niliuliza rangi ya gari. Niliuliza kama lilichomoka gurudumu. Mhariri akauliza kwa nini nataka kujua magurudumu. Nikamwambia ni swali la kawaida. Si swali la kawaida.

Lilikuwa lori. Nilishukuru. Dakika moja baadaye nikakumbuka kwamba lori lina dereva.

Usingizi haukuja. Nati ishirini. Nimejaribu kukumbuka ni matundu yapi niliyakwangua vizuri. Nakumbuka kumi na manne.

Jumanne, 29 Januari

Ujumbe wa simu umeingia saa moja asubuhi, kwa herufi kubwa, kama anavyoandika siku zote. Naunakili ulivyo:

TUMEFIKA KISUMU. MAMA YUKO SAWA. SALGAA NILISIMAMA DAKIKA 6. MSAFARA ULIENDA TUKAUFUATA. NATI 3 ZILIKUWA ZIMELEGEA ZOTE NYUMA KUSHOTO. ASANTE KWA RANGI.

Nilisoma mara tatu. Nikaketi kwenye ngazi ya mlango. Ningekuwa mtu wa kulia ningelia. Nilikunywa chai.

Kisha nikapanda hadi kona. Maina alikuwa anafagia masizi mbele ya kibanda.

"Amekaza," nikasema.

"Ngapi?"

"Tatu. Nyuma kushoto."

Alifagia kidogo. "Hiyo ndiyo ulikuwa umepaka sana."

"Ndiyo."

"Pole na kazi, mathe."

Nilitaka kumuuliza kuhusu rungu, kuhusu tairi zilizochomwa, kuhusu alikuwa wapi Ijumaa. Ni kazi yangu kuuliza. Sikuuliza. Sijui kama huo ni uoga au ni adabu. Naandika hapa kwamba sikuuliza, ili baadaye nisijidanganye.

Jumamosi, 15 Machi

Vigogo walitia sahihi mapatano ya amani mwezi uliopita. Kwenye kona, palipochomwa tairi, imebaki duara nyeusi juu ya lami. Wilbaro ikipita hapo haitoi sauti tofauti.

Nyumba ya Okelo ina kufuli. Uani kwake mawe manne yako pale pale, yameachana urefu wa gari. Majani yameanza kuota katikati. Alipiga simu Jumanne. Mama anauliza kama mtu anamwagilia sukuma wiki zake. Namwagilia mimi, kupitia ua. Hakusema lini watarudi. Sikumuuliza hilo pia.

Vifuniko vinne vya katikati ya rimu zake viko dirishani kwangu. Katika haraka ile vilisahaulika. Nimeviosha nikavifunga kwenye gazeti.

Leo asubuhi Bwana Harish alishuka kutoka Milimani na gari lake. Rimu zimechujuka rangi. Amekuja na makopo mawili ya fedha kutoka dukani kwake.

"Toa zote nne, mwandishi. Zifanane."

Nikamwambia hapana. Nimetoa moja. Mahali pake nimefunga spea. Amerudi Milimani akiendesha.

Upepo bado haujaanza. Nimefunika matundu ya nati kwa utepe, yote matano, kisha nikachukua msasa.