Shangazi Nunu Asikande Unga Asubuhi

Sabaha,

Nimetoka kwa daktari, sasa nawahi foleni ya sukari Msimbazi kabla jiwe nililoliacha linishikie nafasi halijarukwa.

~~Shangazi yako Nunu akande unga.~~ Asiguse! Kanda wewe.

Daktari kaniambia gegedu, ule mfupa laini wa goti langu, limelika kwa miaka ya kuchuchumaa sokoni, ndiyo maana linauma jioni nikishachoka. Nikamuuliza, mbona wifi yangu huamka vidole vya mikono yote miwili vimevimba, vimekakamaa, mpaka mchana ndiyo vilegee? Akasema hiyo ni baridi yabisi, mwili wenyewe unashambulia viungo vyake. Kumbe si uvivu! Nami miaka miwili namwita bibi harusi.

Mchemshie maji ya kukandia mikono. ~~Msomee haya.~~ Usimsomee. Nitamwomba radhi mwenyewe, ingawa kupiga magoti siwezi.

Mama