Kinundu cha Raili

Tuuli, nimekwisha. Nimembonyeza bosi mgongoni. Raili mwenyewe! Tukiwa uchi, kwenye sauna ya kazini, kile chumba cha mvuke!

Si unajua mwaka mzima nahesabu vile vinundu vya mishipa ya fahamu vinavyoota ngozini, visivyo na madhara, kwenye mafaili ya wagonjwa yaliyofutwa majina, na kuvijaza kwenye jedwali? Ukikibonyeza kimoja, kinazama kama kitufe. Sasa Raili kainama kumwagia maji yale mawe ya moto, nikakiona kimoja hapo mgongoni. Kidole kikaenda chenyewe. NIKAMBONYEZA, Tuuli. Kikazama!

Nikasema, "Samahani, ni mazoea ya kazi."

Hata hakugeuka. "Henna, mgonjwa wako namba arobaini na moja ni mimi."

Nikatamani niyeyuke.

"Na hilo neno 'kikongwe' ulilonibandika kwenye jedwali, lifute. Nina miaka hamsini na mbili."