Nimewaua Nyenje wa Mke Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla Jumamosi haijafika, na nakusihi usinicheke, maana kazi yangu ni kupuliza dawa ya wadudu majumbani na maofisini, mwaka wa kumi na mbili huu, na mke wangu anafuga nyenje wa kula kwenye chumba chetu cha nyuma, ndani ya maboksi yaliyopangwa trei za mayai, anawalisha pumba na maganda ya karoti, anapima joto asubuhi na jioni na kuandika kwenye daftari kama nesi wodini, na mwanzoni nilidhani amerukwa na akili lakini leo nakiri sijaona mtu hodari kama yule, kwa sababu hakubishana na mtu, aliwakaanga kwa chumvi na limau, akaweka sahani barazani, akaanza kula mwenyewe, basi jirani yetu fundi cherehani akaonja, watoto wake wakaonja, hata mama yangu mzazi, aliyekuja kumsuta, "Yaani mwanangu analishwa wadudu kama kuku?", aliikomba sahani akauliza kama jikoni wamebaki.

Nimeshindwa mimi tu, mshauri. Kwangu mdudu ni wa kuua, nikimtazama kinywa kinajaa ladha ya dawa, naye hakunilazimisha hata siku moja, alisema tu, "Ukiwa tayari utaniambia, maharage yako yapo." Basi Jumatatu iliyopita niliona haya, nikatoka kazini nimejikaza, nikajua nikienda kuoga kwanza ujasiri utaniishia, nikaingia chumba kile na ovaroli yangu ya kazi vilevile, nikafunua maboksi yote, nikamshika mmoja ili nimzoee, akanirukia kifuani, nikamrudisha, nikafunika, nikatoka mbio. Kufika Jumatano wote walikuwa chali.

Mke wangu amewafukia wote, hakutaka mtu ale kitu asichojua kimekufa kwa nini, anasema amekosea chakula, kila siku anapekua daftari akitafuta kosa ambalo hakulifanya, na sasa amebakiwa na bakuli moja la mayai ya nyenje alilolihifadhi kwa fundi cherehani, yataanguliwa Jumamosi, atawaweka kwenye maboksi yale yale aliyoyaosha, na hawa nao wakifa anaacha kabisa, ati atajua mikono yake haifai. Nami najua dawa ile haitoki kwa maji na sabuni, na bado nimenyamaza, naogopa kumpoteza. Nifanye nini?

Mpuliza Dawa

JIBU

Mpuliza Dawa, nisamehe, nimecheka nyenje alipokurukia kifuani. Kisha nikaacha kucheka. Kuingia mle na ovaroli ni uzembe, na mtu wa miaka kumi na mbili kazini hana kisingizio. Lakini ule ulikuwa uzembe wa dakika tano. Hili la kumtazama mkeo akijilaumu wakati jibu unalo wewe ni la siku nyingi, na linaendelea hata sasa unaposoma.

Mwanamke aliyefukia mavuno yake yote ili jirani asidhurike, unamwogopea nini? Huyo anaujali ukweli kuliko sifa. Mimi sijamwona na tayari nampa tano zake.

Sasa sikiliza. Maboksi na trei zote zitoke leo, na jinsi ya kuzitupa wajua wewe kuliko mimi. Tafuta mengine. Sakafu ya chumba kile uisugue wewe, si yeye. Kuanzia kesho ovaroli, viatu na bomba vilale kazini, na uoge kabla hujagusa mlango ule. Kama kuna aliyekula nyenje baada ya Jumatatu ile, mkeo ajue, akamjulie hali.

Na kula? Usile kwa majuto. Mpishi kama yule hastahili mlaji aliyekunja uso. Hamu ikija, kula. Isipokuja, maharage si aibu. Hujamkosea kwa kutokula, umemkosea kwa kunyamaza.

Jioni ya leo ukishaoga, kaa karibu naye, lifunge lile daftari kwa mkono wako, umwambie, "Mikono yako haina kosa. Niliwaua mimi." Halafu funga mdomo, zamu ya kusema itakuwa yake.