Jino la Mjomba Wako na Hiyo Mashine Yako

Nyumbani,
Nyuma ya kituo cha mafuta,
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa mjukuu wangu, Daktari,

Hujambo? Unakula, au bado ni ile chai kavu mpaka jioni? Mimi sijambo, ni magoti tu yananisumbua, na hasira. Mama yako mzima, amenenepa.

Ujumbe wako nimeupata. Nimeusoma, nikaurudia, kisha nikampa mama yako anisomee, maana nilidhani ni mimi niliyechanganyikiwa. Unasema mjomba wako hawezi kuingia kwenye mashine yako ya kupiga picha ubongo, kwa kuwa mtafiti haruhusiwi kumchunguza ndugu yake. Hebu nieleze vizuri. Ulipokwenda kusomea udaktari ulisema ni kwa ajili yake. Ulipoacha wodi ukaenda kushinda na picha za ubongo, nikakugombeza, ukasema ni kwa ajili yake. Leo una maabara yako, jina lako mlangoni, watu wanasafiri kuja kukusikiliza, halafu asiyeruhusiwa kuingia ni yeye?

Ulikuwa mdogo, unamfuata nyuma nyuma uani, unamuuliza, "Mjomba, leo unaongea na nani?" Sisi wengine tulikuwa tunamnyamazisha. Wewe ulitaka kujua hao tusiowaona wamemjibu nini.

Kazi yenyewe bado inanipiga chenga. Ulinieleza kwa simu kwamba ubongo wake haujavunjika mahali, ila sehemu zake zina njia za kupashana habari, na kwake nyingine zinapiga kelele mno, nyingine hazisikilizani. Nikasema basi ni kama nyumba hii. Ukacheka. Mimi sikuwa nachekesha. Juzi jirani yetu mshonaji kaniuliza, "Bibi, huyo mjukuu wako anatibu au anatazama tu?" Nikamwambia ashone.

Sasa sikiliza lililonikaba. Siku ile kwenye simu ulisema mashine yako ni sumaku kubwa, haitaki chuma. Mjomba wako alikuwa pembeni, anasikia. Ukamtania, "Mjomba, ipo siku nitakuonyesha kilichomo humo kichwani." Kwako utani. Kwake ahadi.

Akaanza kujiandaa. Mkanda kauacha, suruali anafunga kwa kamba. Funguo hashiki. Jumanne akatoka bila kuaga, nikahangaika mtaa mzima. Akarudi mchana, kitambaa mdomoni. Alikwenda kwa daktari wa meno kung'olewa lile jino lake la chuma. Lile la mbele! Unajua alivyolipenda, akicheka lazima ageukie jua. Nikamfokea, "Nani kakutuma?" Akasema, "Mama, sitaki kumharibia mtoto mashine yake."

Kesho yake ndiyo ukaleta hilo "haruhusiwi" lako.

Mama yako anasema mwenzako wa maabara nyingine anaweza kumpima. Mjomba wako hamjui huyo mwenzako. Hakung'oa jino kwa ajili ya mwenzako.

Mimi simwambii. Nimejaribu, nikaishia kumgombeza eti kaacha bomba wazi. Sijui nikukasirikie wewe, au waliotunga hiyo sheria, au sumaku. Labda sheria ni nzuri, mimi sijasoma. Ila wewe uje umwambie kwa mdomo wako, ukilitazama hilo pengo. Kisha umuulize tena leo anaongea na nani, na uketi mpaka amalize.

Mama yako anakusalimu. Mshonaji naye anakusalimu, ingawa hastahili kutajwa.

Mungu akulinde huko, akuongezee akili, na nyingine uzibakize za kukumbuka kwenu.

Mjomba wako anakusalimu sana. Anataka na mimi niingie mashineni, nijionee kazi ya mikono yako, kwa hiyo kaniagiza nivue pete ya babu yako. Nimeivua, iko kabatini. Wewe umeshasema hapana, na mimi bado nimeivua. Sijielewi.

Wako akupendaye hata akikufokea,
Bibi yako.