Abdelhay, Tanuri na Shule Havikukumaliza

Ni mwaka sasa, Abdelhay, tangu tanuri la mtaa wetu liwashwe kwa mara ya kwanza bila wewe. Asubuhi ile mdogo wako Azzouz alisimama mbele ya moto akalia mpaka unga ukamganda mashavuni, kisha akaingiza mikate, kwa sababu mtaa ulikuwa na njaa. Ungekuwapo ungemwambia afanye hivyohivyo, halafu ungemcheka kwa ule uso uliojaa unga.

Tunakuandikia wewe, na wengine wasome wakitaka. Kwenye matanga yako kuna maneno yalisemwa. "Shule na moto vimemmaliza," watu waliambiana huku wakipokezana chai. "Mshika mbili moja humponyoka, na yeye imemponyoka roho." Mama yako, Mama Mennana, aliyasikia akayaamini, na tangu siku hiyo hakutaka neno la masomo litajwe nyumbani. Daktari alishatueleza kwamba moyo wako ulikuwa na kasoro tangu kuzaliwa, na kwamba hata ungekaa juu ya godoro ukila zeituni maisha yako yote, siku hiyo ingefika. Lakini maneno ya matanga yana miguu mirefu kuliko maneno ya daktari. Basi leo tunayajibu, hapa gazetini, ambapo hata majirani wasiopenda kusikia watasoma.

Anayeshika kalamu ni mimi, mkeo Chama. Wengine wamesimama nyuma ya bega langu wakinisahihisha.

Tanuri ulilirithi kwa marehemu baba yako, na shahada yako ya kwanza ya historia ilikuwa imelala kabatini tangu kabla hatujaoana. Ulipofika umri ambao wenzako huanza kulalamikia magoti, ulirudi nyumbani siku moja ukaniambia, "Chama, nimejiandikisha uzamili."

Nikakuuliza, "Na tanuri?"

"Tanuri halijajiandikisha. Litabaki palepale."

Nilikununia kutwa nzima, lakini unajua mwenyewe kwamba kununa kwangu hakujawahi kukuzuia jambo. Wote tulidhani utaandika juu ya mkate. Ukasema mkate unaujua tayari, sasa unataka kujua maji. Ukachagua ile mifereji ya kale iliyogawa maji ya mto nyumba kwa nyumba hapa Fes, nani alipata siku gani, na nani aligombana na nani.

Watu waliosema ulijigawa vipande viwili hawakuwahi kukaa pale tanurini mchana. Wangekaa wangeona kwamba ulikuwa mtu mmoja tu. Asubuhi uliingiza mikate, na wakati inaiva ulisoma, ukiwa umeegemea ukuta wenye joto, kitabu mkono wa kushoto na ule mpini mrefu wa kuingizia mikate mkono wa kulia. Wanawake waliokuja kuchukua mikate yao hawakukuacha usome kimya. "Bwana Abdelhay, leo maji yamefika mtaa gani?" Nawe ukawasimulia. Ulinifichulia siri hiyo mwenyewe: wakisikiliza mpaka mkate unakaribia kuungua, sura hiyo ya tasnifu imekaa vizuri, wakianza kuulizana bei ya nyanya, unairudia upya. Profesa hakujua kwamba kila ukurasa aliosoma ulikuwa umeshapita kwa watahini wakali kuliko yeye.

Na kazi yako hukuilegeza. Kila nyumba ilileta unga wake uliokandwa, juu ya ubao, umefunikwa kitambaa chake, na wewe ulijua mkate wa nani una anisi, wa nani umetobolewa kwa uma, wa nani umekandwa na bi harusi ambaye bado anajifunza. Wa bi harusi uliuweka mahali moto ni mpole, ili asichekwe na mama mkwe. Nyumba yenye mgonjwa ulitoa mkate wake kwanza. Na ubao wa nyumba fulani usipoonekana, ulivua aproni ukaenda kubisha hodi. Hivyo ndivyo bibi yetu wa jirani, Lalla Kenza, alivyokutwa ameanguka kwenye ngazi zake, na ndiyo maana yuko hai mpaka leo, akiwalalamikia wajukuu.

Profesa Touria, msimamizi wako, hakuwa mtu wa kucheka na wanafunzi. Alikuita ofisini akakwambia, "Bwana Abdelhay, tasnifu yako inanukia anisi, na wewe unakuja darasani na majivu kwenye nyusi. Chagua. Tanuri au shahada."

Ukamjibu, "Profesa, nikiacha tanuri nitakula nini? Na nikiacha shahada, nitaongea nini na wanaosubiri mikate?"

Alikwambia hilo si jibu. Ukamwambia ndilo pekee ulilonalo.

Sasa tufike kwenye ile siku. Azzouz ameomba tusiiandike. Tumekataa.

Siku yako ya kutetea tasnifu iliangukia mwishoni mwa Ramadhani, kwa kuwa mtahini wa kutoka Rabat hakuwa na nafasi nyingine, na muda wako wa masomo ulikuwa unakwisha mwaka huo. Usipokwenda, kazi yote imepotea. Lakini siku hizohizo ndizo mtaa mzima huleta masinia ya biskuti za Idi, na mwisho wa barabara kulikuwa kumefunguliwa duka jipya la mikate lenye tanuri la gesi, likisubiri sisi tufunge mlango siku moja tu. Wanawake wangehama na masinia yao, na aliyehama Idi harudi.

Azzouz ni fundi wa kushona kanzu, tena fundi kweli. Akasema, "Kaka, nenda. Moto ni moto, siwezi kuushindwa." Ukaenda na suti yako ya harusi, ambayo ilikubana tumboni, nikakuombea dua mlangoni.

Moto hakuushindwa, tumpe haki yake. Biskuti ziliiva vizuri, hakuna hata moja iliyoungua. Tatizo lilikuwa vitambaa. Kila sinia huja na kitambaa chake juu, na kitambaa ndicho jina la nyumba. Azzouz, kwa ufundi wake, hawezi kuvumilia kitambaa kilichokunjamana. Akavitoa vyote, akavipiga pasi kwa viganja, akavikunja vizuri na kuvipanga rafuni kwa rangi, vyeupe na vyeupe, vya bluu na vya bluu. Alipogeuka, alikuwa na tanuri zima la ghoriba, zile biskuti za mviringo zenye nyufa juu, sinia juu ya sinia, na hakuna hata moja lenye mwenyewe.

Na mtaa mzima umefunga. Hakuna wa kuonja.

Uliporudi alasiri, tulikuwa tumejaa hadi nje.

"Hizi si zangu, mimi zangu ni ndogo."

"Zako ni ndogo kwa sababu mkono wako ni mzito kutoa."

"Azzouz, wewe ni fundi wa nguo, nani alikutuma kwenye vyakula?"

"Lalla, mimi nilitaka papendeze."

"Pamependeza. Sasa nipe biskuti zangu."

Ulivua koti ukanipa nilishike. Hukumgombeza Azzouz, ulimwambia tu akakae. Kisha ukaanza kupita sinia moja baada ya jingine, ukiinama, ukinusa, ukitazama nyufa. "Hizi ni za Lalla Kenza, yeye huzibonyeza kwa kidole gumba. Hizi zina ufuta ulioungua kidogo kabla ya kuja hapa, samahani Lalla Hniya, naomba ukiri." Watu wakaanza kucheka. Ukafika kwenye sinia moja, ukanusa, ukanusa tena, ukalifunika haraka kwa kitambaa cheupe na kumkabidhi mwanamke mmoja aliyekuwa amesimama nyuma ya wote. "Lozi zako zimeiva vizuri mwaka huu," ukamwambia.

Mwanamke huyo hatumtaji. Mtaa wote ulimjua kwa kujisifia lozi zake. Mwaka huo zilikuwa karanga. Wewe hukumwambia mtu, hata mimi mkeo hukuniambia. Ni yeye mwenyewe aliyenishika mkono jikoni siku ya matanga akaniambia, akicheka na kulia pamoja. Mume wake alikuwa hana kazi mwaka ule. Ametupa ruhusa tuandike, bila jina. Mtaa utamjua, lakini hiyo ni kazi ya mtaa.

Masinia yote yalipokwisha kupata wenyewe, ndipo Mama Mennana alipokumbuka. "Na wale watu wa chuo, wamesemaje?"

"Wamenipa, Mama. Daraja la juu."

Vigelegele vilivyopigwa pale tanurini, Abdelhay, mimi sikuvipata hata siku ya harusi yangu. Uliketi juu ya gunia la kuni na suti yako, ukafunika uso kwa mikono iliyojaa unga, ukalia. Nilijivunia kuwa mkeo. Nilikwambia wakati huo kwamba unaharibu suti. Nilikuwa na maana ile nyingine.

Baadaye ulianza na uzamivu, na duka la gesi likafungwa lenyewe bila ugomvi. Uliondoka ukiwa katikati ya sura ya pili. Hilo linatuuma, hatulifichi. Lakini kuondoka katikati ya kazi unayoipenda na kuvunjwa na kazi hiyo ni mambo mawili, na watu wa matanga waliyachanganya.

Sasa habari ya nyumbani, ambayo ndiyo hasa iliyotufanya tuandike.

Binti yetu Nouhaila amekuwa tanurini na ami yake mwaka wote huu. Ana mkono wako, na ulimi wako pia. Majira ya joto alikubaliwa uzamili. Alikuja kuniambia kwa sauti ya chini, kama aliyevunja sahani. Nikamwambia kwangu hakuna kizuizi, lakini nyumba hii ina mwenyewe. Alipomwambia bibi yake, Mama Mennana alisema maneno machache tu. "Nimezika mmoja kwa sababu ya mambo hayo. Wewe utakaa tanurini, au utakwenda shule. Viwili, sitaki kusikia." Nouhaila hakubishana. Alirudi kwenye moto. Mwisho wa kujiandikisha ulikuwa unakaribia, na mimi sikuwa na uwezo wa kumfanya mama aliyefiwa aamini nisemalo mimi.

Wiki mbili zilizopita Profesa Touria alikuja kutuona, kwa kuwa mwaka ulikuwa unatimia. Alileta sukari, kama inavyompasa mgeni wa waliofiwa, akakaa na mama yako. Nilitegemea atazungumza habari za chuo, nikakaa tayari kumkatisha. Hakuanza yeye. Mama yako ndiye aliyemgeukia, akamuuliza jambo ambalo sisi sote mwaka mzima hatukuwa na akili ya kulifikiria.

"Mwanangu, akiwa huko kwenu, alikuwa akicheka?"

Profesa aliweka bilauri yake chini. "Mama, mimi nafundisha watu wazima miaka mingi. Wanakuja wamechoka, wanaondoka wamechoka zaidi. Huyu alikuwa akiingia, wenzake wanaanza kutabasamu kabla hajaketi. Siku ya mtihani aliwachekesha mpaka nikamtoa nje, halafu nikasimama mlangoni nikacheka mwenyewe. Nilimwambia achague kimoja. Hakuchagua. Angechagua, angekuwa nusu mtu."

Mama Mennana aliuliza tena, "Hukumwona amechoka?"

"Nilimwona amechoka. Sikumwona hata siku moja akiwa na huzuni."

Mama yako alimsindikiza mgeni hadi mlangoni, jambo ambalo kwa miguu yake hiyo hamfanyii kila mtu. Kisha akateremka mwenyewe, akishika ukuta, mpaka tanurini. Nouhaila alikuwa akiingiza mikate ya mchana, na wanawake walikuwa wakisubiri, wale waliosema kwenye matanga na wale waliosikia. Mama yako akasimama katikati yao.

"Nouhaila."

"Naam, bibi."

"Hicho chuo kinafunga lini kuandikisha?"

"Alhamisi, bibi."

"Basi kesho uende. Na moto huu usizime." Halafu akawageukia wanawake, akawatazama mmoja mmoja. "Mwanangu alikufa kwa moyo aliozaliwa nao. Kwa huo moyo aliishi maisha ya watu wawili, na wote wawili walikuwa na furaha. Mwenye neno jingine aliseme sasa, mbele yangu, nikiwa bado nina meno."

Mikate ilitoka, kila mtu akachukua wake.

Wanaokuombea rehema na kukukumbuka ni mama yako, Mennana, mkeo, Chama, mdogo wako, Azzouz, mwalimu wako, Profesa Touria, pamoja na nyumba zote zinazooka mkate wao kwetu.

Nouhaila hajaweka jina lake hapo kwa sababu hakuwapo tulipokuwa tunaandika. Yuko darasani, Abdelhay. Akitoka, atapita tanurini kumpokea ami yake zamu, na sisi, siku zote za maisha yetu, tutakuwa nawe mioyoni.