Maji ya Moto na Komeo la Bafuni

Mississauga, karibu na Toronto

Mdogo wangu Mwanaidi,

Kosa la watu wengi wakifika hoteli ya Kijapani ni kudhani birika la maji ya moto, lile kubwa la kuingia mtu mzima, ni la kuogea. Sivyo. Unaoga kwanza pembeni, umeketi kwenye kigoda, unajisugua na kujisuuza mpaka utakate. Ndipo unaingia birikani kukaa tu, kama mhogo chunguni. Hilo nililijua. Nilikosea kwingine.

Nimetanguliza somo kabla ya salamu, ualimu hauniachi. Hujambo, mdogo wangu? Nyonga bado inauma? Sisi hapa wazima, ila mimi situlii. Natoka dirishani naenda jikoni, narudi dirishani, theluji ni ile ile.

Mwanangu Salim alikwenda Japani kikazi, akatuchukua mimi na mkewe, Rukia. Hoteli mpya, vioo vitupu, na kila chumba kina birika lake la mawe barazani. Maji yanatoka ardhini yakinuka kiberiti. Nikafurahi: hakuna wa kuniona. Rukia akasema, "Mama, usifunge mlango." Nikanung'unika, lakini sikufunga.

Joto likaniingia mifupani, magoti yakalegea. Nilipotaka kuinuka, yakakataa. Kingo zinateleza, hakuna pa kushika.

"Mama, mbona kimya?" Rukia akauliza nje.

"Mtu akiwa majini aimbe?"

Nikajaribu tena, nikateleza, maji yakanifika kidevuni. Nikataka kumwita. Lakini mkamwana anione hivi?

"Rukia, njoo. Ila fumba macho."

"Nikifumba, Mama, tutazama wote wawili."

Akanifunika kanga mle mle majini, akanishika makwapani, akanitoa. Suruali yake ililowa mpaka mapajani. Tukakaa sakafuni tukacheka hadi machozi. Asubuhi akaniletea chai: "Shikamoo, Mama." Heshima niliyodhani imezama birikani ilikuwa pale pale.

Sasa sikiliza. Jana Mwanahawa, mkamwana wako, aliniambia kwenye simu kwamba tangu ulipoanguka bafuni hutaki akusaidie, na mlango unautia komeo. Yeye husimama nje akisikiliza maji. "Mama mkubwa," akasema, "yakinyamaza tu, nakufa kwa hofu." Tangu jana na mimi nasikiliza maji hayo, huku mbali.

Najua utaniambia mkwe hatazamwi. Ndivyo tulivyofunzwa na mama. Lakini mama alipozeeka tulimwogesha sisi, binti zake. Wewe binti hukujaliwa, na dada yako yuko ng'ambo. Aliyebaki ni huyo anayesimama mlangoni.

Nisalimie mwanao Bakari, na jirani yako fundi cherehani, mwambie dera alilonishonea nalivaa juu ya sweta. Mwanahawa mbusu kwa niaba yangu.

Na leo ukienda kuoga, usitie komeo.

Dada yako,
Mwajuma